Wenye ugonjwa wa neva ya usoni, mnakulaje na mnafanyaje kazi na haya maumivu?

mama_mivumba

Habari za saa hizi wapendwa. Naulizia wale wanaoumwa neva ya usoni, ule ugonjwa madaktari wanaita nyuralijia ya trijemina, unapigwa shoti ya shavuni mpaka machozi yanatoka halafu muda kidogo tu imeisha na mtu akikuangalia anaona hauna kitu. Mi niko upande wa kulia, inaanzia kwenye fizi ya juu pembeni ya pua inapanda mpaka chini ya jicho. Ugonjwa nishaelezwa na dawa nimeandikiwa kwa hivo swali langu sio hilo, swali langu ni maisha ya kila siku, nyie wenzangu mnaishi nayo vipi?

Kazi yangu ni kuuza mivumba, yaani nguo za mitumba, hapa Busia mpakani, na sokoni bila mdomo hauuzi, lazima uite watu, lazima mvutane bei na Wakenya wanaovuka asubuhi kuja kununua, na mi kuongea ndo kunaamsha maumivu kuliko kitu chochote. Naita wateja kidogo, shoti inaingia, nanyamaza katikati ya bei, mteja anadhani nimemdharau anaenda kwa jirani. Kula ni shida, chai ya moto siwezi, mswaki naogopa hata kuushika. Na boda asubuhi ule upepo ukinipiga usoni basi siku imeharibika hata kabla sijafungua bunda.

Dawa ni kabamazepini, Tegretol wengine wanaijua hivyo. Inasaidia siwezi kudanganya, lakini kichwa kinazunguka na usingizi saa zingine nalala juu ya nguo mchana kweupe.

Jambo lingine linaniuma moyo. Hii dawa hospitalini naichukulia kliniki ya magonjwa ya akili, huko ndo wanaitoa. Unakaa kwenye benchi lao mpaka jina liitwe. Kuna mtu wa sokoni alinikuta pale na sasa maneno yameenea ati mama fulani ameanza wazimu, wengine wanasema amerogwa. Watu kama hao mnawajibu nini? Nisaidieni bambi.

fundi_umeme_jinja

Pole sana dada yangu. Mi ni mwenzako wa miaka mingi, upande wa kulia pia lakini yangu inashuka, taya la chini mpaka kwenye kidevu. Kabla ya kujulikana ni nini kuna kliniki moja ya meno waling'oa magego yangu mazima ya upande huo na maumivu yakabaki palepale, kwa hivyo yeyote anayesoma hapa na hajapimwa vizuri, kama jino halina tundu na mtu anakwambia ling'olewe, omba kwanza akueleze kwa nini.

Nikujibu kwa vitu vyenyewe. KULA. Usile dawa haijaingia. Mi asubuhi nameza kidonge kwanza, nafanya kazi zingine za nyumbani, nikisikia shavu limelegea ndo nakula. Chakula kiwe vuguvugu, sio moto na sio baridi. Matoke yaliyopondwa na binyebwa, ule mchuzi wa karanga, yanateleza yenyewe. Posho kavu inahitaji kutafunwa sana nimeiweka mbali, labda mama watoto aisonge laini halafu mchuzi uwe mwingi. Nikitamani kikomando naiacha chapati iloe ndani ya mchuzi wa maharage mpaka inakatika kwa kijiko. Uji wa mtama nanywa na mrija, mrija unauweka upande mzima ndani kabisa usiguse fizi mbaya. Mahindi ya kuchoma na muwa nilishasahau. Na siku ambayo kutafuna hakuwezekani kabisa usikae njaa, kunywa uji wenye maziwa na karanga za kusaga, mwili ukiwa dhaifu na dawa yenyewe inakupiga zaidi.

MSWAKI. Nunua ule wa watoto, mdogo, laini. Maji ya vuguvugu. Anza upande mzima, ule mbaya umalizie taratibu saa dawa imekolea, na siku mbaya sukutua maji ya chumvi tu uache. Lakini usiache moja kwa moja, meno yakioza kweli hapo utakuwa na maumivu ya aina mbili na hutajua lipi ni lipi. USO: kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kandamiza, usisugue. Mi hata ndevu za upande wa kulia nafuga, kinyozi wangu anajua haguswi mtu.

BODA. Skafu unafunga ukiwa bado ndani ya nyumba, sio ukishafika barabarani. Funika shavu na sikio, kazi ya skafu ni kuzuia upepo tu kwa hivo iwe pana na laini, isikwaruze. Kaa nyuma ya mgongo wa dereva kabisa, shavu baya liangalie upande ambao upepo hautoki, na mwambie apunguze mwendo. Ukipata helmeti yenye kioo cha mbele ni bora kuliko zote. Asubuhi za Jinja upepo wa ziwani unaukuta barabarani, bila hiyo siendi popote.

Na kazi sasa, usikasirike nikikushauri kitu, wewe tafuta ile spika ndogo ya kurekodi wanayotumia wauza dawa za panya na wale wa taksi paki. Inaita yenyewe siku nzima. Bei andika kwenye maboksi kwa maandishi makubwa. Mdomo wako uutunze kwa mteja ambaye ameshashika nguo mkononi.

Hao wa wazimu nitarudi, naitwa kwenye kazi.

binti_arua

Mi siumwi lakini mama yangu anaumwa, tuko naye hapa Arua, acha niseme upande wa watu wa nyumbani maana huwa hausemwi.

Kwa muda mrefu tulidhani mama amekuwa mkali. Unamsalimia hajibu. Unampa simu anakataa kuongea. Kanisani aliacha kuimba na yeye ndo alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya. Siku moja nikakaa nikamwangalia vizuri akinywa chai, kikombe kiko nusu ya njia, mkono mwingine umepanda mpaka karibu na shavu halafu umesimama hapo hewani, hagusi, vidole vimetanuka, macho amefunga na hapumui. Ikapita, akamalizia kunywa kana kwamba hakuna kitu kimetokea. Hapo ndo nilielewa mama sio mkali, mama anasubiri.

Sasa nyumbani tuna ishara. Akiinua kidole kimoja wote tunanyamaza na hakuna anayemuuliza ni nini, maana kuulizwa kunataka kujibiwa na kujibu ni kuongea. Watoto wadogo wamefundishwa wasimrukie shingoni wala kumbusu upande wa kushoto. Anapolala anaelekea ukutani upande mzima. Wageni tunawaeleza mlangoni. Kama una watoto mama mivumba waonyeshe ishara yako hata leo, utapumzika sana.

Na usiwaache watu wa nyumbani wakuambie kwamba unajifanya. Huo uso hauvimbi, haubadiliki rangi, mtu hana cha kuona. Ndo maana inabidi usemewe na mtu mwingine, mi mama namsemea mwenyewe.

nesi_mbale

Habari wote. Mi ni muuguzi, nafanya kazi na wagonjwa wa kifafa kwa hivo hii dawa naijua kila siku, na wenye huu ugonjwa wa uso tunawapata pia.

Kwanza hilo la kliniki ya akili, maana ndo linafanya watu waache dawa. Kabamazepini ni dawa ya kifafa. Kwetu Uganda wagonjwa wa kifafa wengi wanahudumiwa kwenye kliniki za afya ya akili, hapohapo dawa inakaa, basi ndo sababu unakaa kwenye lile benchi. Dawa inatuliza mishipa ya fahamu inayorusha umeme ovyo, iwe ya kwenye ubongo iwe ya usoni. Tangu mwaka 1962 ilishaandikwa kwamba inasaidia maumivu haya na mpaka leo ndo dawa ya kwanza duniani kote. Na wanaosema umerogwa waambie ugonjwa huu daktari John Fothergill wa London aliueleza mwaka 1773, hakuna mchawi wa Busia aliyekuwepo kule. Na hata wenzetu walio kwenye hilo benchi kwa ugonjwa wa akili wenyewe ni wagonjwa kama wagonjwa wengine, hakuna aibu pale.

Sasa kinachotokea ndani. Neva hii ni ya tano kati ya jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo na ina matawi 3, la paji na jicho, la shavu na taya la juu, na la taya la chini. Wagonjwa wengi inakuwa la pili au la tatu, na kulia ni zaidi ya kushoto, na wanawake wanaumwa zaidi ya wanaume, hasa baada ya miaka 50. Mara nyingi mshipa wa damu umelalia neva pale inapotokea ubongoni na unaipigapiga kila moyo ukidunda mpaka ngozi ya neva inalika. Fundi atakubaliana na mi, ni waya uliochubuka, kitu kidogo tu kikigusa unapiga shoti. Saa zingine ni uvimbe au ugonjwa mwingine wa neva, ndo sababu daktari akiweza anaomba MRI, ile picha ya ndani ya kichwa, hasa kwa kijana, au kama uso umekufa ganzi, au kama inauma pande zote mbili.

Kwa hiyo panado, diklofenaki na hizo za kawaida hazifiki pale. Msimalize hela na figo zenu.

Kuhusu kizunguzungu na usingizi, ni kawaida mwanzoni na kwa wengi inapungua wiki zikipita. Dawa huanza kidogo, mara nyingi nusu ya kidonge cha miligramu 200 asubuhi na nusu jioni, inapandishwa pole pole mpaka maumivu yanyamaze. Mwambie daktari wako ukweli wa usingizi, anaweza kuigawanya vingine au kubadilisha. Usipunguze peke yako na usiache ghafla, maumivu yanarudi kwa nguvu na unaweza hata kupata degedege. Lakini ukitoka vipele, malengelenge, au vidonda mdomoni na homa, hasa miezi ya mwanzo, hapo simamisha dawa na ukimbie hospitali siku hiyohiyo. Na daktari anaweza kukupima damu, chumvi ya mwilini inaweza kushuka ukachanganyikiwa ukadhani ni uchovu.

Kitu ambacho watu hawaambiwi: hivi vidonge vinaharibiwa na unyevu. Vikikaa kwenye unyevunyevu vinakuwa vigumu na nguvu yake inaweza kushuka kwa theluthi au zaidi. Sisi tunawapa kwenye bahasha ndogo ya karatasi, mtu anaiweka dirishani au jikoni kwenye mvuke au anabana kwenye kanga msimu wa mvua, halafu anasema dawa imezoea mwili. Tafuta kachupa kakavu chenye mfuniko unaobana, weka chumbani.

mama_mivumba

Eeeh nesi Mungu akubariki, kumbe. Ya kwangu iko kwenye hiyo bahasha na bahasha iko ndani ya mfuko wa aproni sokoni, mvua ya juzi ililowesha kila kitu.

Binti arua umenitoa machozi. Wangu wa mwisho huwa ananing'ang'ania shingoni nikirudi na mi namsukuma, halafu naumia moyo usiku kucha. Nitamfundisha hiyo ya kidole.

Nesi naomba kuuliza, huku malaria haituachi. Nikimeza Coartem na hii dawa kuna ubaya? Na kuna dada yangu anatumia dawa za virusi vya UKIMWI, naye ameanza maumivu yanayofanana na haya, akipewa hii itakuwaje? Nyingine, saa zingine shoti zikifuatana usiku unakaribia nawaza mambo ya kumaliza maisha, siyasemi nyumbani, nasema hapa kwa sababu hamnijui.

nesi_mbale

Dada naanza na la mwisho. Asante kwa kulisema. Huu ugonjwa ni kati ya maumivu makali sana ambayo binadamu anapata na mawazo hayo yanawapata wengi, sio kwamba imani yako ni ndogo. Ile kliniki unayoikimbia ndo mahali pa kulisema, wale wahudumu wanaongea na watu wenye mawazo hayo kila wiki, na hospitali za rufaa za mikoa zote zina hicho kitengo. Usisubiri tarehe ya dawa, nenda kesho. Na leo usiku usilale peke yako, mwambie mtu mmoja tu unayemwamini, na vidonge akutunzie yeye. Nakuandikia na pembeni pia, nijibu.

Malaria, hilo swali ni zuri sana na wengi hawaulizi. Kabamazepini inaamsha ini lichome dawa nyingine haraka. Karatasi ya Coartem yenyewe inakataza kuchanganya nayo, kwa hiyo ukipimwa una malaria mwambie anayekutibu KABLA hajakupa dawa kwamba uko kwenye kabamazepini, atajua afanye nini. Usinunue tu famasi ukameza. Dada yako vilevile, inashusha nguvu ya dolutegravir, moja ya hizo dawa za virusi, kwa hiyo dozi yake lazima iangaliwe na watu wa kliniki yake ya ARV, asianze kimyakimya. Dawa za TB pia zinagongana nayo. Erithromaisini ni kinyume, inafanya kabamazepini ijae mwilini, utazunguka kichwa mpaka utapike. Na kina mama mnaopanga uzazi, vidonge na kijiti vinaweza kushindwa, sindano ya miezi 3 au kitanzi ndo salama zaidi. Ukitaka mimba ongea na daktari kwanza, inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

opio_wa_soroti

Mbona mnajisumbua, kuna mizizi mzee mmoja huku anasaga na pilipili unapaka shavuni shughuli imeisha. Jirani yetu alipona kabisa.

nesi_mbale

Kaka Opio nakuheshimu ila hapa nitakupinga. Ugonjwa huu una tabia ya kulala wenyewe, wiki, miezi, hata zaidi kwa wengine, halafu unaamka. Ukilala wakati mtu amepaka kitu, hicho kitu ndo kinapewa sifa. Na kusugua pilipili kwenye shavu ambalo hata upepo haliuvumilii ni kumtesa mgonjwa. Jirani akianza tena mlete hospitali.

fundi_umeme_jinja

Nimerudi. Nesi amemaliza sina la kuongeza upande wa dawa, na dada hilo la usiku nimelisoma, mi nimefika hapo pia nikarudi, tafadhali nenda kesho kama ulivyoambiwa.

Opio hilo la kulala ni kweli, yangu iliwahi kulala mpaka nikagawa skafu. Kipindi kama hicho dada usitupe dawa, daktari ndo anapunguza. Na kaa na akiba nyumbani maana dawa hospitalini saa zingine inaisha, unaambiwa ukanunue, usiku huo huo huna hela unabaki mtupu. Mi nikiona chupa imebaki ya wiki moja naanza kutafuta.

Maswali ya operesheni huwa yananijia pembeni niyajibu hapa mara moja. Ipo. Wanafungua nyuma ya sikio, wanautenganisha ule mshipa wa damu na neva, wanaweka kipande laini cha teflon, aina ya plastiki, katikati visigusane tena. Daktari wangu aliniambia kama watu 7 kati ya 10 miaka 10 baadae bado wako vizuri, lakini ni kufungua kichwa, unaweza kupoteza usikivu wa sikio hilo au yakatokea mabaya zaidi. Kuna njia nyingine ndogo za sindano wanachoma neva yenyewe, hizo nafuu inakuja haraka ila uso unaweza kubaki na ganzi na maumivu mara nyingi yanarudi baada ya muda. Sio jambo la kukimbilia kama vidonge vinakushika, lakini sio jambo la kuogopa mpaka usiulize. Omba upelekwe kwa mpasuaji wa ubongo na neva, Mulago wapo, angalau ujue umesimama wapi.

Wa kukuita mwenda wazimu, mi nilifanya hivi. Sikubishana na soko zima. Nilimwita jamaa mmoja mwenye mdomo mrefu kuliko wote pale kwetu, nikamwonyesha karatasi ya daktari, nikamweleza kinachouma na kwa nini nanyamaza. Yeye ndo aliyeeneza. Wiki haikuisha kila mtu alikuwa anajua, hata wa boda wananipunguzia mwendo bila kuambiwa.

binti_arua

Hiyo ya mdomo mrefu nimeipenda, tutaitumia kanisani.

Mama mivumba umefika kwa nesi?

mama_mivumba

Nimefika, tumeongea, na mume wangu nimemwambia, vidonge anavyo yeye. Kliniki naenda asubuhi, yeye ananisindikiza tutakaa benchi moja.

Fundi naomba unielekeze hiyo spika, ninunue ya aina gani, na sauti nirekodi mwenyewe au?

fundi_umeme_jinja

Usirekodi wewe, mpe binti yako au kijana mwenye sauti kali, wewe kaa kimya. Chukua yenye sehemu ya kuweka kadi ya memori na betri ya kuchaji, sio ya betri za tochi, hizo zinakula faida yote. Kabla hujalipa iwashe palepale dukani iite kwa muda, za bei ya chini zinaanza kukwaruza zikipata joto. Rekodi usiku soko limefungwa, karibu kabisa na mdomo, maneno machache, aina ya nguo na bei, halafu iache nafasi kidogo kabla haijarudia ili mteja apate kukuuliza. Itundike juu ya bunda upande wa shavu zima isikupigie kelele upande mbaya. Na bei kwenye maboksi andika za Uganda na za Kenya zote mbili, hao wanaovuka asubuhi wasikulazimishe kupiga hesabu kwa mdomo.